Injini ya boti inayogoma kuwaka ikiwa bado ina joto: je, ni koili?

Swali: Nina injini ya boti ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, yenye silinda mbili na kabureta, ya kuwasha kwa kamba. Asubuhi huwaka kwa mvuto wa pili. Nikienda nayo saa nzima kisha nikaizima kwa robo saa hivi, haiwaki tena hata nikiivuta mara thelathini huku nimevuta na choki. Nikiiacha dakika arobaini na tano, huwaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Nimebadilisha plagi mara mbili bila mafanikio. Fundi ananiambia ninunue koili, kile kifaa cha umeme wa cheche. Ninunue?

Jibu: Ndugu yangu, koili usiinunue bado. Fundi wako huenda yuko sahihi, kwa kuwa koili zinazokufa zikipata joto na kufufuka zikipoa zipo kweli, nami nitazieleza hapa chini. Lakini swali lako lina mambo mawili yanayonifanya nitazame kwanza upande wa petroli. La kwanza ni kwamba injini hugoma baada ya kupumzika robo saa. Hukusema kwamba huzimika yenyewe njiani, wala kwamba hukataa ukiizima na kuiwasha papo hapo. La pili ni hiyo choki, ambayo unaivuta hata injini ikiwa na joto, kama unavyofanya asubuhi.

Robo saa hiyo ina maana kubwa. Injini inapofanya kazi, pampu ya maji iliyo chini huzungushwa na shafti ileile inayopeleka nguvu kwenye propela, hivyo maji baridi hupita ndani ya injini muda wote, na themostati huishikilia kwenye joto ambalo kwa injini nyingi za boti ni kati ya nyuzi 50 na 65 za Selsiasi. Ukizima, pampu husimama papo hapo na maji hayazunguki tena. Lakini pistoni, vichwa vya silinda na njia ya moshi vina joto kubwa kuliko hilo, na joto hilo, likikosa maji ya kulibeba, husambaa kwenda kwa kila kilicho jirani: kabureta, pampu ya petroli, mipira ya mafuta na koili zenyewe. Kwa hiyo, kinyume na vile mtu angedhani, chini ya kifuniko cha injini huwa kuna joto zaidi dakika kumi hadi ishirini baada ya kuzima kuliko wakati boti ilipokuwa ikikimbia. Petroli nayo ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu.

Petroli ikichemka ndani ya kikombe cha kabureta hutokea moja kati ya mambo mawili, na nyakati nyingine yote mawili kwa zamu. Mvuke na povu vinaweza kupanda kupitia matundu ya kabureta, vikaingia kwenye njia ya hewa na kukaa humo vikikusubiri. Ukivuta kamba, silinda hupokea petroli nyingi yenye hewa kidogo mno, mchanganyiko ambao cheche haiwezi kuuwasha. Au petroli ya kikombe inaweza kupungua hadi jeti, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, zikakosa cha kunyonya, huku mpira unaotoka kwenye tangi ukiwa umejaa mvuke ambao pampu ndogo ya injini haiwezi kuusukuma. Sasa fikiria choki inafanya nini katika hali ile ya kwanza. Kazi yake ni kubana hewa ili injini baridi ipate petroli ya kutosha. Ukiivuta kwa injini iliyokwisha kushiba, unamwaga petroli juu ya petroli. Baada ya mivuto mitano plagi zimelowa, na baada ya mivuto thelathini hakuna tena la kufanya isipokuwa kusubiri zikauke. Nashuku kwamba dakika zako arobaini na tano ni za kukausha plagi zaidi kuliko za kupoza koili, na kwamba plagi ulizozitupa hazikuwa na kosa lolote.

Dhana si uthibitisho, na ugonjwa huu una ubaya mmoja: hauonekani injini ikiwa baridi. Injini ikifikishwa kwa fundi huwa imekwisha poa, naye huipima, huikuta nzima, kisha hulazimika kubahatisha. Vipimo vyote nitakavyovitaja vifanywe wakati injini imegoma, katika dakika zile zile chache ambazo wewe umezoea kuzitumia kuvuta kamba. Chagua siku ya maji yaliyotulia, boti ikiwa imefungwa au imetia nanga, makasia yakiwa ndani na kamba ya swichi ya dharura ikiwa imefungwa mwilini mwako. Usijaribu kujifunza haya mbele ya mawimbi yanayovunjika.

Kimbiza injini saa nzima kama kawaida yako, izime, usubiri dakika kumi na tano. Kabla ya kugusa kitu chochote, inua kifuniko na unuse. Harufu kali ya petroli mbichi, au unyevu unaoonekana kwenye mdomo wa kabureta, ni dalili ya injini iliyoshiba kupita kiasi. Kisha shika ile pampu ya mkono ya mpira iliyo kwenye njia ya mafuta. Ikiwa ni ngumu tayari, kikombe kimejaa, basi iache. Ikiwa ni laini, isimamishe wima, mshale wake ukielekea juu upande wa injini, na uibonyeze mpaka ikaze, kwa sababu ulaini huo humaanisha kwamba mvuke umechukua nafasi ya petroli. Hesabu mara ulizobonyeza na uziandike. Hesabu hiyo ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu.

Baada ya hapo hakikisha choki imerudi ndani kabisa. Weka gia huru, geuza mkono wa mwendo hadi theluthi moja hivi, na uvute kamba mara tatu au nne. Isipowaka, na harufu bado ni kali, fungua mkono wa mwendo hadi mwisho wake na uvute tena, hata mara kumi, ili hewa nyingi iingie na kufagia petroli iliyozidi. Baadhi ya injini zina kizuizi kinachokataa kufungua kabisa zikiwa kwenye gia huru. Fungua hadi kizuizi kinaporuhusu na usikilazimishe. Ikiwa dhana yangu ni sahihi, injini itakohoa, itatoa moshi mwingi, kisha itashika. Punguza mwendo mara moja itakaposhika, maana injini isiyo na mzigo hupandisha mizunguko haraka sana na hujiumiza.

Ikiwaka kwa njia hiyo mara tatu katika safari tatu, ugonjwa umejulikana, na kinachobaki ni kuuliza kwa nini kabureta yako inapata joto au petroli kiasi hicho. Kagua sindano na kiti chake ndani ya kabureta: sindano iliyochakaa haizibi vizuri, hivyo petroli huendelea kuvuja kidogo kidogo baada ya kuzima, na boya lililopangwa juu mno huleta matokeo hayohayo. Angalia kama mpira wa mafuta umegusa bloku, yaani mwili wa injini, jambo ambalo hutokea mara nyingi baada ya matengenezo, mtu anaporudisha mipira bila kufuata vishikizo vyake. Angalia pia pampu ya petroli, kwa sababu katika injini nyingi za mipigo miwili pampu hiyo huendeshwa na mapigo ya hewa ya ndani ya injini kupitia ngozi nyembamba ya mpira, na ngozi hiyo ikitoboka, petroli hunyonywa moja kwa moja kuingia ndani ya injini bila kupitia kabureta. Dalili yake ni injini inayolowa hata usipogusa choki kabisa.

Tangi nalo lisisahaulike. Tangi la kubebeka likiachwa juani huku tundu lake la hewa limefungwa, shinikizo huongezeka ndani yake, na kama mpira bado umeunganishwa, shinikizo hilo husukuma petroli hadi kwenye kabureta na kuishinda sindano. Ukisimama kwa robo saa kwenye jua kali, chomoa mpira upande wa injini. Kinyume chake ni tundu lililofungwa wakati injini inakimbia: tangi hushikwa na ombwe, pampu ya mkono hujikunja kama imenyonywa, na injini hufa kwa njaa ya mafuta baada ya muda ambao mtu huudhania kuwa ni muda wa kupata joto. Ninalisema hili kwa aibu, kwa kuwa miaka mingi iliyopita niliwahi kubadilisha kisanduku cha CDI, yaani kile cha umeme kinachotoa cheche, kwenye injini iliyokuwa ikifa kila baada ya dakika ishirini, nikaipeleka majini kwa kujiamini, ikafa tena, na nilipofungua kifuniko cha tangi nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi. Kisanduku cha zamani hakikuwa na tatizo.

Sasa tuseme umefanya yote hayo, na injini bado imegoma, pampu ya mkono ni ngumu, na plagi ukizitoa hazina petroli nyingi. Hapo ndipo fundi wako anapopata haki ya kusikilizwa, na kipimo ni cheche. Tumia kipima cheche chenye pengo linalorekebishwa, ambacho ni kifaa rahisi, ukiunganishe kati ya waya wa plagi na chuma cha injini, na uweke pengo la milimita 10 hivi. Plagi zenyewe ziache kwenye matundu yake, ili petroli isirushwe nje karibu na cheche. Na kabla ya kupima acha kifuniko wazi dakika chache ili mvuke utoke. Usishike waya wa plagi kwa mkono, kwani umeme wake ni wa maelfu mengi ya volti, wala usivute kamba huku waya ukining'inia bila kuunganishwa popote, kwa sababu umeme usio na pa kwenda unaweza kuharibu koili nzima au CDI. Cheche njema ni ya buluu, ina nguvu na huruka pengo lote kila mzunguko. Cheche ya manjano inayorukaruka kwa kusitasita, au kutokuwepo kabisa, ni jibu la upande wa umeme.

Hata hapo neno koili linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu injini yako ina koili za namna tatu, na mafundi wengi wanaposema koili humaanisha ile inayoonekana, yenye waya za plagi. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, kuna koili ya kuchaji, inayozalisha umeme wa kuwashia. Kando yake kuna koili ndogo ya kuamrisha, inayoiambia CDI wakati wa kutoa cheche. Na mwisho ni hiyo ya plagi. Ikiwa kila silinda ina koili yake ya plagi, koili moja iliyokufa haitoshi kueleza kinachokupata, maana injini ya silinda mbili kwa kawaida hushika kwa silinda moja, ikitetemeka na kukosa nguvu. Cheche ikipotea kwenye silinda zote mbili kwa pamoja, tafuta kitu ambacho silinda zote hukitegemea: koili ya kuchaji, CDI, muunganiko wa waya wa ardhi, au swichi ya kuzimia. Ila baadhi ya injini za silinda mbili zina koili moja yenye waya mbili za plagi, na hapo koili hiyo moja inaweza kuziua zote. Tazama yako ni ya namna gani kabla ya kuhukumu.

Swichi ya kuzimia ndiyo ya kwanza kupimwa kwa kuwa haigharimu kitu. Chumvi na unyevu ndani ya swichi au kwenye waya wake vinaweza kuipelekea CDI amri ya kuzima wakati hakuna aliyegusa kitufe. Chomoa waya wa kuzimia pale unapoingia kwenye CDI, kisha pima cheche tena. Cheche ikirudi, kosa liko kwenye swichi au waya huo. Kumbuka tu kwamba injini ikiwaka katika hali hiyo haitazimika kwa kitufe wala kwa kamba ya dharura, na itakubidi uizime kwa kuvuta choki hadi ikose hewa. Kwa hiyo kipimo hiki kifanyike boti ikiwa imefungwa, na waya urudishwe kabla ya kuondoka.

Kama swichi ni nzima, mimi ningeshuku koili ya kuchaji kabla ya nyingine zote. Iko juu ya bloku, chini ya flaiwili, ambapo joto hupanda na kukwama, na umeme wake hutegemea kasi ya mzunguko. Mkono wa mtu huzungusha injini polepole mno ukilinganisha na injini inayojiendesha, hivyo koili iliyodhoofika inaweza kutoa umeme wa kutosha ikiwa baridi, ikashindwa ikiwa na joto kwa kasi ya mkono, na bado ikafanya kazi bila shida injini ikishawaka na kukimbia. Ndiyo maana mtu huapa kwamba koili ni nzima kwa kuwa injini haikosi nguvu njiani. Hali hiyo inafanana sana na maelezo yako, nami nakiri kwamba isingekuwa ile choki, ningeanza na koili hii.

Kuipima kwa mita kunahitaji tahadhari moja ambayo mara nyingi husahaulika. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili nzima iliyopimwa kwenye nyuzi 20 na kisha kwenye nyuzi 60 itaonyesha ongezeko la asilimia 16 hivi bila kuwa na ugonjwa wowote. Unachotafuta ni mruko: mita inayoonyesha ghafla kwamba njia imekatika, au namba inayoanguka chini mno kwa sababu nyuzi zimegusana ndani. Kitabu cha injini yako kinataja kiwango chake, na usikope kiwango cha injini ya rafiki hata kama ina nguvu zilezile. Waya za koili ya kuchaji hutokea kwenye viunganishi vilivyo kando, kwa hiyo unaweza kuipima injini ikiwa bado ina joto bila kuondoa flaiwili. Kwa koili ya plagi, ambayo iko nje, kuna ujanja wa zamani unaofaa: injini ikiwa imegoma na imezimwa, funika koili kwa dakika tano kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kausha unyevu wote, kisha pima cheche. Ikirudi wakati sehemu nyingine zote bado zina joto, umemkamata mhusika.

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli inafika kwa kiasi, kilichobaki ni mgandamizo. Pistoni na silinda zilizowahi kukwaruzwa na joto kali huweza kuziba vizuri zikiwa baridi na kuvuja zikitanuka, au ringi zikanasa kwenye mifereji yake kwa masizi. Pima mgandamizo ikiwa baridi na upime tena ikiwa imegoma, mara zote mbili mkono wa mwendo ukiwa wazi kabisa, waya za plagi zikiwa zimeunganishwa na ardhi na idadi ya mivuto ikiwa sawa. Silinda moja kuwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, au zote kuporomoka zikiwa na joto, ni habari mbaya ambayo hakuna koili itakayoitibu. Injini ya namna hii mara nyingi hugoma hata ukiizima na kuiwasha dakika hiyohiyo, ndiyo sababu nilianza kwa kukazia robo saa yako.

Hili linanirudisha kwenye maji, maana injini inayopata joto kuliko inavyopaswa huzidisha kila tatizo nililotaja. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni huonyesha kwamba pampu inasukuma, lakini hauthibitishi kwamba themostati inafunguka wala kwamba njia za ndani hazijazibwa na chumvi. Impela ya pampu, yaani gurudumu lake lenye mabawa, ni ya mpira, na kwa anayetumia boti mara kwa mara ni busara kuibadilisha kila mwaka au miaka miwili hata ikionekana nzima. Ukiikuta imekatika mabawa, tafuta vipande vyote, kwa sababu kilichokosekana kimekwama mahali fulani juu na kinaziba maji.

Kwa wenye injini za mipigo minne, mpangilio ni huohuo isipokuwa kwamba mgandamizo ukipotea kwenye joto, pengo la vali ndilo la kutazamwa kwanza: vali iliyobana haifungi kabisa chuma kinapotanuka. Na kwa injini za kisasa zinazopuliziwa petroli, zungusha ufunguo hadi pampu isikike ikifanya kazi kwa sekunde mbili au tatu, zima, rudia mara mbili, kisha washa. Ikisaidia, mvuke umo kwenye njia ya petroli. Ikiendelea kulowa, kagua kihisi cha joto, kwani kikikatika, kompyuta ya injini hudhani ni baridi kali na kuongeza petroli, yaani hufanya kwa umeme kile ambacho wewe unakifanya kwa choki.

Endapo jaribio la kwanza litaiwasha injini yako, kabla ya kuzima baada ya mwendo mrefu iache izunguke polepole kwa dakika tatu hadi tano ili maji yabebe joto la ziada, na ukisimama kwenye maji tulivu inua kifuniko mvuke utoke, mradi ukirudishe kabla ya kuondoka. Endapo haitaiwasha na cheche ikakosekana kwenye silinda zote mbili hata waya wa kuzimia ukiwa umechomolewa, mwambie fundi wako kwamba mtanunua koili, lakini iwe ile ya kuchaji, iliyo chini ya flaiwili, na mkiwa mmeshaipima ikiwa na joto.